Salama ya Mama kwa Daktari

Ng'ombe walikuwa wanavuka lami karibu na Misigiri, nikasimama. Pikapu iliyokuwa nyuma yetu haikusimama. Ilitugonga, gari langu likasukumwa mbele, na mama, aliyekuwa ameinama kushika ndoo ya mayai miguuni pake, akarushwa nyuma kwenye kiti. Nilimuuliza kama ameumia. Kwanza alifunua ndoo akaangalia mayai.

"Yamepasuka mawili tu," alisema. "Mimi nimepata mshtuko tu."

Dereva wa pikapu, mwanamume wa rika langu, alikuja dirishani. Kabla hajasema neno, mama akamwambia, "Pole, baba. Wewe hujaumia?"

Kesho yake mama alishindwa kuinama.

Mimi ni mwandishi wa habari, nimezoea kukusanya karatasi watu wangali wanakumbuka. Nilichukua fomu ya polisi ya matibabu, ramani ya ajali, na baadaye nakala ya hukumu, kwa kuwa yule dereva alikiri kosa mahakamani. Nilikuwa na picha ya eksirei pia, lakini haikuonyesha mfupa uliovunjika. Hapo ndipo dai letu lilipokuwa dhaifu. Maumivu ya mgongo hayaonekani; ilibidi mama mwenyewe ayaseme, daktari ayaandike. Kampuni ya bima ya pikapu ikikubali, fidia ingelipia matibabu ya viungo mjini Singida na vibarua wa kupalilia alizeti. Ikikataa, mama angekodisha shamba alilolilima tangu aolewe.

Daktari wa kwanza alikuwa kijana mpole, na foleni yake ilifika hadi kwenye ngazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mgongo unaendeleaje?"

"Salama tu, tunamshukuru Mungu. Wewe hujambo? Watoto wazima?"

Daktari alijibu kwamba wazima, akaandika, akamwita anayefuata. Mimi nilikuwa nje natafuta pa kuegesha gari; hayo mama alinisimulia baadaye. Baada ya wiki kadhaa barua ya bima ikaja: kwa mujibu wa daktari, mdai anaendelea vizuri na hana malalamiko; watalipia matibabu ya siku ya ajali tu. Kama haturidhiki, tulete ripoti ya daktari mwingine.

Nilimsomea mama ile barua barazani kwake.

"Kwa nini ulimwambia salama?"

"Mtoto wa watu amenipa shikamoo yake vizuri. Nimtupie magonjwa usoni hata sijakaa?"

"Kulikuwa na kiti, mama."

"Kukaa kwenye kiti siyo kukaa."

Nilicheka, ingawa nilikuwa na hasira. Nilijua anachosema. Kwetu mgeni akiuliza habari, kwanza ni nzuri, hata kama ndani kuna maiti. Mnakaa, mnaulizana mvua na mifugo, maji ya kunywa yanaletwa. Ndipo mwenye nyumba anasema, "Ila," na habari yenyewe inaanza. Daktari aliondoka na nusu ya kwanza ya maongezi.

Nikamwambia afadhali safari hii aseme tu kwamba anaumwa, mara moja. Akaniangalia kama nimemwambia aingie kwa mtu bila hodi.

Daktari wa pili alikuwa mwanamke wa makamo. Nilimtangulia mama mlangoni nikamweleza daktari kwa kunong'ona: "Daktari, akisema salama, tafadhali subiri kidogo."

"Hata mama yangu yuko kijijini, Mgori," alijibu. "Najua nasubiri nini."

Mama akaingia. Salama ikatoka kama nilivyotarajia. Daktari akaweka kalamu chini. Akauliza kama Iramba mvua zimenyesha, alizeti imesimamaje, kuku hawajapata kideri? Mama akajibu kimoja kimoja. Akashusha pumzi, akavuta khanga begani.

"Ila, mwanangu."

Akaanza. Mguu wa kushoto unakufa ganzi akisimama kwa muda mrefu. Akikohoa, kiuno kinamchoma. Hawezi kuinua sufuria ya ugali wa watu wawili. Na tangu ajali hajaweza kujiosha miguu; jirani yake huja kila asubuhi kumwosha na kumvalisha viatu.

Nilimfahamu jirani huyo. Kila nilipolala kwa mama nilimwona akiingia asubuhi, mlango ukafungwa, wakaongea Kinyiramba na kucheka. Nilidhani wanasengenya watu. Mimi ninayelipwa kwa kuona mambo nilikaa sebuleni, nikinywa chai.

Daktari alimpima kwa muda mrefu: alimwinua miguu, akambonyeza kiuno, akagonga magoti kwa nyundo ndogo. Ripoti yake ilijaa kurasa mbili.

Tulipotoka nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia mimi. Kwangu hakuhitaji kukaa kwanza.

"Wewe ndiye ulikuwa unaendesha," alisema. "Ningekuambia, ungejilaumu, ungeliuza hilo gari. Halafu ungekuja kuniona na nini?"

"Aliyegonga ni yule, mama."

"Najua. Lakini wewe nakujua pia."

Bima ililipa, chini ya tulichodai, ila ikatosha kwa matibabu na kwa vibarua wa msimu ule. Nilimpeleka kwenye mazoezi kila Ijumaa. Shamba halikukodishwa. Siku ya kupalilia nilimkuta pembeni ya mistari ya alizeti, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mto umewekwa kiunoni, anawasimamia akina mama watatu.

"Wewe mwenye kilemba chekundu! Hilo ni jani au mche?"

"Jani, mama!"

"Lioneshe."

Kibarua akanyanyua mkono juu, na kweli lilikuwa gugu. Mama akaniagiza nisogeze kiti mistari miwili mbele, maana kutoka pale hakuweza kuwaona vizuri wale wa mwisho.