Mkeka wa Siku Yangu

Marehemu mke wangu alisuka mikeka miwili ya maziko, mmoja wake na mmoja wangu. Kwetu kwenye visiwa vya delta, mtu mzima huiweka tayari sanda yake, na mkeka atakaolazwa juu yake siku ya kupelekwa makaburini. Yeye alichuma ukindu mwenyewe, akauanika, akasuka ukili, kanda za kushonea mkeka, barazani miezi mingi.

“Wako nimeurefusha upande wa miguuni,” aliniambia siku alipokuwa akimalizia kuushona. “Wewe mrefu kama mlingoti. Sitaki watu waone miguu imepita mkeka, waseme mkewe alikuwa mvivu.”

“Nani kakwambia mimi ndiye nitakayetangulia?”

“Wanaume hamna subira. Hata hilo mtatuwahi tu.”

Tulicheka. Alitangulia yeye, na mkeka wake ukaenda naye. Wangu ulibaki umeviringishwa, umechomekwa kwenye boriti juu ya mafiga, mahali alipouweka kwa mkono wake. Moshi wa kuni ulipita hapo kila siku. Ukageuka rangi ukawa kama chai ya rangi, na wala mdudu hakuugusa. Nikiukumbuka uso wake nilikuwa naingia jikoni, nautazama, natoka.

Kisha mto ulikula shamba, ukaja ukala na ua. Mwanangu akanichukua kuja kuishi kwake Kibiti. Njia nzima, tangu kwenye boti mpaka tunashuka garini, mkeka niliupakata. Nyumba aliyojenga ni ya matofali, imepigwa lipu, ina dari na madirisha ya vioo, na jikoni wanapikia gesi. Namshukuru Mungu, si kila mzee anapata mtoto wa kumwekea paa. Nikapewa chumba cha pembeni chenye kitanda na kabati.

Kule delta tulizoea maji yanayotoka juu, kwenye makuti yaliyochakaa. Kwa hiyo nikaufunga mkeka wangu kwa nailoni, nikaukaza kwa kamba, nikausimamisha nyuma ya kabati, ukutani. Niliridhika kwamba mvua haitaupata.

Masika ya mwaka ule hayakutaka kwisha. Ukungu ulianza kuota kwenye viatu vyangu, ukapanda kwenye kofia, ukafika kwenye majalada ya vitabu vyangu vya dini. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alikuwa akipita na kitambaa chenye siki akifuta.

“Baba, fungua dirisha. Chumba kinanuka kama kisima.”

“Mbu, mwanangu.”

“Mbu wana chandarua. Huu ukungu utauwekea nini?”

Nikafungua dirisha, lakini nyuma ya kabati hakuna aliyepatazama. Ukuta ulikuwa ukinyonya maji kutoka chini, taratibu, kimya.

Jua lilipotoka nikataka kuuanika. Nilipokata kamba, harufu iliyonipiga haikuwa ya moshi. Nje umeota weupe kama pamba, ndani madoadoa meusi. Nikaushika kuukunjua, ukili ukaachana mikononi mwangu kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Mkwe wangu akaja mbio na ndimu na chumvi. Akautandaza uani, akaanza kusugua.

“Taratibu,” nikamwambia. “Taratibu, mwanangu.”

Kila aliposugua, kilitoka kipande. Akaacha, akajifuta jasho. “Baba, usihuzunike. Mikeka imejaa pale sokoni. Kesho nakuletea mzuri, wa rangi.”

“Najua.”

Akaniangalia vizuri. Aliolewa hapa baada ya msiba wetu, hakuwahi kumwona mama mkwe wake. “Huu aliusuka nani?”

Nikaokota vipande vilivyotoka, nikavipanga mapajani kimoja kimoja. Akaelewa. Akaketi chini kwenye mchanga, akaweka ndimu pembeni, tukakaa hivyo mpaka muadhini alipoadhini adhuhuri.

Baada ya sala tulirudi kutenga kibovu na kizima. Kizima kilikuwa kidogo, kile kilichokuwa katikati kabisa ya mviringo. Mkeka ule mke wangu aliuviringisha kuanzia miguuni. Kilichobaki ni kile alichokirefusha.

Nashukuru kwa hicho. Nimeusia moyo wangu subira, nao unasikia siku moja na kukataa siku nyingine. Mkeka nitakaolazwa juu yake umeshanunuliwa, upo sebuleni unapopita upepo, na aliyeusuka hanijui. Kile kipande nimekitundika msumarini karibu na dirisha. Kila asubuhi nakigusa kuona kama kimepata unyevu, kisha nakinusa. Moshi haumo tena.

Mkwe wangu nimemwambia, siku yangu ikifika awape watakaonilaza kile kipande, wakitandike mwisho wa ule wa sokoni. Miguu yangu isipite mkeka.