Maji ya Udhu Kutoka Nyumba ya Bondeni

Sina sababu ya kukudanganya, wala silipwi kwa kusimulia haya. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, wakati wa uchaguzi wa bunge la Uingereza wa 2005.

Mimi na Hamisi, rafiki yangu wa Mombasa, tulikuwa tunakaa Sparkbrook, mtaa wa hapa Birmingham, na kufanya kazi yoyote iliyopatikana. Tukapata kibarua cha kugawa karatasi za mgombea katika jimbo moja la Wales. Jimbo lenyewe ni milima na kondoo tu. Kutoka nyumba hadi nyumba unatembea mpaka miguu inakataa. Watu wa kule wapole, wengine walitukaribisha chai.

Alasiri ukungu ukatushukia karibu na bwawa.

"Sheikh, asri yatupita," akasema Hamisi.

Chini bondeni tukaona nyumba ya mawe inafuka moshi. Mimi naogopa mbwa, basi nikamtuma yeye akaombe maji ya kutia udhu. Laiti ningekwenda mwenyewe!

Mlango ulifunguliwa na bibi wa Kizungu. Nguo zake zilikuwa zinachuruzika maji, na mvua haikunyesha siku ile. Mimi nilibaki langoni, nikamsikia akiuliza tumetoka wapi. Hamisi akamjibu.

"Birmingham?" Bibi akacheka. "Maji yetu si mnayo ninyi?"

Hata hivyo alimletea bakuli. Hamisi akatawadha palepale kizingitini. Niamini, harufu ya tope ilinifikia niliposimama, nikamwita tuondoke. Tulipofika juu nikageuka. Hapakuwa na nyumba. Maji matupu, ukingo hadi ukingo.

Kijijini, mwenye duka alitusikiliza. Kisha akatuambia bonde lile lilizamishwa tangu enzi za babu yake, mashamba, kanisa na nyumba, ili Birmingham ipate maji.

Toka siku ile Hamisi hagusi maji ya bomba. Anasema akilifungua tu, bibi anamuuliza atayarudisha lini. Anatayamamu kwa jiwe badala ya kutia udhu, midomo imempasuka, amebaki mifupa. Mkewe, Zuhura, kila akiniona ananiuliza, "Shemeji, mume wangu ulimpeleka wapi?" Naona haya, nainamisha kichwa.

Nawe ukipata kibarua kule, beba maji yako ya nyumbani. Lakini hayo ya nyumbani, hapa Birmingham, wadhani yanatoka wapi?