Umetoa Hewa?

Siku ya pili baada ya kupasuliwa, nesi alisimama miguuni pa kitanda changu na faili mkononi. Akauliza bila kuniangalia, "Umetoa hewa?"

Nilidhani anauliza kama ninapumua. Nani hapumui?

"Ndio, sista. Natoa vizuri."

Akaandika. "Unaweza kula," akasema, akahamia kitanda cha pili.

Nilimaliza kidato cha nne, na Kiswahili nilipita. Lakini hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba hospitalini hewa ni ushuzi, na kwamba mtu aliyepasuliwa tumbo hapewi chakula mpaka ajambe, kwa sababu matumbo nayo hulala, na ushuzi ndio ishara yameamka. Ningeambiwa hivyo ningeelewa. Mtoto wa darasa la pili angeelewa.

Saa sita mama mkwe akafika kutoka Makongeni na thamosi ya uji wa wimbi, na ugali na kuku ndani ya hotipoti. "Kula, mama, maziwa yaje," akasema. Nilikula kama mtu aliyetoka jela. Nilitaka hayo maziwa. Mtoto wangu alizaliwa akipumua kwa shida, wakampeleka nasari ya watoto wachanga mwisho wa korido. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, alipoinuliwa juu ya kitambaa cha kijani walichonizibia nikipasuliwa. Nasari mama huenda kwa miguu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Hujaweza kutembea, hujamwona.

Kufikia asubuhi tumbo lilikuwa kubwa kuliko lilivyokuwa na mtoto ndani. Nikatapika mpaka machozi yakatoka. Yule nesi akaja.

"Kwani ulinidanganya? Wasichana wa siku hizi mnapenda chakula kuliko watoto wenu. Ona sasa!"

Wodi nzima ilisikia. Nilitaka kumrushia lile beseni la matapishi. Sikuwa na nguvu ya kulishika, sembuse kulirusha.

Daktari akanibonyeza, akasikiliza, nikatiwa mrija puani. Nisile, nisinywe hata maji. Tumbo lisipoamka kufikia kesho, alisema, huenda nikarudishwa tiata kupasuliwa tena. Nikauliza, na mtoto? Akasema mtoto anapewa maziwa ya kopo, nisijali. Nisijali!

Nesi wa zamu ya mchana alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni, Kiswahili chake kina lafudhi ya Machakos ndani. Alivuta pazia lililobaki na kulabu tatu, akakaa kitandani pangu, kitu ambacho hawaruhusiwi.

"Mami, hebu niambie. Umejamba?"

Nikacheka. Mshono ukaniuma, nikakumbatia mto. "Usinichekeshe, sista, nitapasuka."

"Kwa hivyo bado. Sasa hapa kwenye faili nani alisema umetoa hewa?"

"Mimi. Nilidhani ni kupumua."

Yeye hakucheka. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta. "Hilo ni kosa letu, si lako." Akachukua faili, akaliandika hilo, kisha akanisomea alichoandika. Tangu niingie ile hospitali, hakuna mtu aliyekuwa amenisomea kitu.

"Haya, inuka. Twende tukautafute huo ushuzi."

Tulitembea kama bibi harusi na msimamizi wake, yeye amebeba mfuko wa mrija wangu kama pochi. Hadi dirishani na kurudi. Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyepasuliwa jana yake, akaita, "Ukipata wa ziada, dada, unigawie!"

Wodi yote ilikuwa ya sista huyo na mwenzake mmoja. Aliniacha, akaenda kudunga watu sindano, akarudi. Tukaenda tena, akaniacha tena, akarudi. Viatu vyake alikuwa amevikata ubavuni, vidole vipate nafasi. Watu huniambia nimsamehe yule nesi wa kwanza kwa sababu alikuwa amechoka. Sawa, alikuwa amechoka. Na huyu wa viatu vilivyokatwa, yeye alikuwa ametoka kulala?

Jioni zamu ilibadilika. Nikajua nimeachwa. Nikageukia ukuta. Halafu nikasikia vile viatu. Alikuwa amebeba mkoba begani.

"Nilidhani umeenda, sista."

"Nimeenda. Inuka."

Safari hii hatukwenda dirishani. Alinipeleka upande ule mwingine, hadi mwisho wa korido. Niliegemea ukuta kila baada ya hatua tatu, na hakuniambia nijikaze. Pale pale kwenye mlango wa nasari, mbele ya askari wa mlangoni, ushuzi ukatoka. Mrefu, bila adabu.

"Asante Yesu!" akapiga kelele, akapiga makofi.

Askari akashtuka. "Kuna nini, sista?"

"Amejamba! Fungua mlango, huyu mama aingie."

Wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki, wakaniwekea mtoto kifuani, yeye na mrija wake puani, mimi na wangu. Alikuwa mwepesi kama mkate wa nusu. Nilitaka kumwambia sista asante. Mdomo ukatoa, "Nimechoka, sista."

"Najua," akasema, akirekebisha shuka mgongoni mwangu. "Mshike tu."

Nilipoinua kichwa, alikuwa ameshaenda kutafuta gari la kumfikisha kwake.