Ndoa ya Katuni Iliyozimiwa Jenereta Burungu

Misa ya pili imetoka, na nyuma ya banda la mabati pale Burungu, kijiji cha Masisi mashariki mwa Kongo, Viateur Mbonigaba anavuta kamba ya jenereta. Inakohoa. Anaitukana kwa upole, anavuta tena, nayo inaunguruma. Ndani, watoto wamebanana kwenye mabenchi. Mama zao wako nyuma, wengine wakichambua maharage mapajani.

Viateur anapanda juu ya kreti ya bia kando ya televisheni na kushika maikrofoni. Filamu inasema Kifaransa. Yeye atasema Kiswahili, kwa sauti ya bata, ya mfalme, hata ya mlango unaofunguka.

"Batoto, ule bata iko nani?"

"Mujukuu wa jitu!" banda zima linajibu.

"Munajulia wapi?"

"Kofia!"

Viateur, mwenye miaka thelathini na minne, ni mkulima wa viazi siku za juma na mfasiri wa filamu za katuni kila Jumapili. Kiingilio ni faranga mia mbili. Asiye nazo huleta viazi. Faida yote huishia kwenye tangi la jenereta. "Muke yangu akikosa chakula analalamika," anasema. "Jenereta hailalamike. Inazimika tu."

Wafasiri wa filamu hawakosekani Masisi. Kinachowavuta watu kwa Viateur ni imani yake moja: kwamba katuni zote, zitoke Ulaya au Japani, ni habari za mlima mmoja na ukoo mmoja. Bata anavaa kofia iliyokuwa ya jitu katika filamu nyingine, basi ameirithi kwa babu. Konokono dereva wa lori, aliyebeba ng'ombe filamu nzima bila kufika popote, ni shemeji ya bata. Na jitu lenyewe liliacha watoto wawili katika filamu mbili tofauti: binti anayechunga mawingu, na kijana fundi wa saa. Ushahidi? Wote watatu wamevaa skafu nyekundu yenye kiraka cheusi.

Huko Kitchanga, mji wa jirani, mshindani wake Marcellin, mwenye skrini kubwa zaidi, humcheka. "Filamu iko filamu," huwaambia wateja. "Viateur anauzisha uongo."

Neno hilo lilimchoma Viateur kuliko moshi wa jenereta. Kisha ikaja Pasaka.

Filamu mpya ilikuwa imetoka Goma ndani ya flashi, naye hakuwa na mafuta ya kuitazama kwanza peke yake. Alipanda kreti kwa imani tupu. Mwanzoni mambo yalikuwa matamu: binti wa mawingu na fundi saa walikutana hatimaye katika filamu moja!

"Muone, damu inaitana!" Viateur alitangaza. "Kaka amepata dada yake!" Akina mama wakafuta machozi.

Kisha kaka akapiga goti na kutoa pete.

Akina mama wakaacha kufuta machozi.

"Ile hapana pete," Viateur aliharakisha kusema. "Kijana iko fundi. Ile iko nati ya saa, anaomba dada amushikilie."

Kwenye skrini, wawili hao wakabusiana.

"Na ni sababu ya ile nati njo banabusiana?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

"Zima!" Aliyesimama ni Mama Noëlla, mkulima wa maharage ambaye huuza mandazi mlangoni pa banda. "Zima iyo mashini! Batoto yetu habataona ndugu bawili banaoana!"

Jenereta ikazimwa. Katika familia hizi, ndoa haifungwi kabla wazee wa pande zote mbili hawajakaa na kutaja mababu mmoja mmoja, wasije wakaozesha damu kwa damu. Basi mabenchi yakageuzwa yakatazamana, na watu wazima wakaanza kuhesabu mababu wa watu waliochorwa.

"Nilikuwa na njia mbili," Viateur anakumbuka. "Nikatae ndoa, filamu ife katikati, bantu baende kuona mwisho kwa Marcellin. Ao niseme nilidanganya, na baende kwa Marcellin vilevile."

Aliyemwokoa, na papo hapo kumzamisha, ni Papa Byamungu, mkulima wa mihogo ambaye kwa kawaida husinzia tangu mwanzo wa filamu.

"Weye Viateur, ule baba yao ulimujulia na nini?"

"Na skafu, Papa."

"Na iyo koti unavaa, uliitoa wapi?"

"Sokoni. Mutumba."

Koti lilikuwa la zimamoto wa mji fulani wa Ulaya, na beji yake ingali begani.

"Ule muzungu aliivaa wa kwanza, iko baba yako?"

Banda likalipuka kwa kicheko. Ndoa imepona! Lakini kabla watu hawajapumua, kitoto cha benchi la mbele kikauliza: "Basi bata hapana mujukuu wa jitu?"

Kicheko kikakatika. Kama skafu si ushahidi, kofia nayo si ushahidi. Ukoo wote ulikuwa umeshonwa kwa nguo, na sasa uzi unafumuka. Mtoto mmoja akaanza kulia kwamba konokono amebaki bila shemeji.

"Nilisikia baridi," anasema Viateur. "Ukoo wote niliujenga kwa mudomo yangu."

Akamtazama Papa Byamungu, aliyejikunyata ndani ya sweta ya klabu asiyoijua.

"Papa, iyo sweta ulinunua lini?"

"Siku ulinunua koti. Vilitoka mu balo moja ya mutumba."

Viateur aliruka juu ya kreti. "Njo vile! Banavaa mu balo moja! Kama balo iko moja, soko iko moja. Na kama soko iko moja, mulima iko moja! Hapana ndugu. Iko majirani!"

Watu wakamgeukia Mama Noëlla. Alitafuna neno hilo taratibu, kama anayeonja chumvi.

"Majirani banaoana," alisema. "Washa."

Harusi ilipigiwa vigelegele hadi sauti ya jenereta ikapotea. Lakini mlangoni, akifunga beseni lake la mandazi, Mama Noëlla aliacha sharti: "Ndoa tumekubali. Ngombe ya mahari hatujaona. Binti haendi bure."

Tangu siku hiyo Viateur hawezi kukatiza sokoni bila kuulizwa habari za ng'ombe. Hana wasiwasi. Jumapili ijayo ataonyesha upya filamu ya zamani ya konokono dereva, na anainama kulisema hilo kwa sauti ya chini, Marcellin asije akasikia.

"Miaka yote ile ngombe iko nyuma ya lori," anasema. "Hakuna muntu aliuliza inapelekwa wapi."