Ukoko wa Jikoni kwa Mama Mkwe

Mimi sikusoma, lakini kama kungekuwa na darasa ya kula wali, saa hii ningekuwa profesa. Naweza kula wali mpaka sahani iombe msamaha. Wali na maharagwe, wali na supu ya mbuzi, wali baridi ya jana na chai ya rangi asubuhi, yote napokea.

Nilizaliwa kijiji ya Katelembo, huku Ukambani, na kwetu chakula ilikuwa muthokoi, yaani mahindi imetwangwa maganda ikatoka, halafu ikachemshwa na maharagwe. Ile ya nyanya yangu ilikuwa ngumu, ng'ombe angeila angetafuta daktari wa meno. Wali tulikuwa tunaona Krismasi. Mama akiweka sufuria kwa moto, sisi watoto tunakaa nje ya jiko tunavuta mvuke na pua mpaka tunashiba nusu. Na ikiiva, hatukuwa tunapigania nyama. Tulikuwa tunapigania ukoko, ile inashika chini ya sufuria ikakuwa rangi ya kahawia, inalia kwa meno kama mtu anatembea juu ya majani kavu.

Nikakua, nikaenda Machakos mjini kusukuma mkokoteni sokoni. Kulikuwa na mama mmoja wa hoteli, akiniona tu kwa kona, anaongeza maji kwa maharagwe. Lakini hiyo ilikuwa mchezo. Aibu yenyewe ilinipata baadaye, miaka ya elfu mbili na kidogo, siku ya kupeleka ntheo.

Ntheo ni zile mbuzi za kwanza unapeleka kwa kina msichana. Bila hizo, hata mzae watoto wajae lori, huyo si bibi yako. Na huyo msichana nilikuwa nampenda kuliko wali. Cheka, lakini ni ukweli.

Tena sisi Wakamba tuko na kitu inaitwa nthoni. Mama mkwe na mkwe hawaonani hivi hivi. Mkikutana kwa njia, mmoja anaingia kichakani. Akukute unakula, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Wokovu ilikuja, makanisa ikajaa, lakini nthoni ilibaki hapo nje kwa mlango ikingoja watu watoke.

Mjomba wangu ndiye alikuwa msemaji wetu. Tukikaribia boma, tukivuta mbuzi, akanishika mkono.

"Kijana, leo utakula kama kuku mgonjwa. Unasikia? Dona dona, uwache."

"Nimesikia, mjomba."

"Wakikataa hizi mbuzi juu ya tumbo yako, mimi sirudi hapa tena. Nitakuoza kwa mkokoteni."

Tukaketi na wazee. Wakaleta wali. Wacha nikuambie, ilikuwa nyeupe mpaka nyumba ikaongeza mwanga, na imepikwa na mafuta ya ng'ombe. Nikadona. Nikawacha nusu sahani, machozi inakaribia. Mjomba akanitingishia kichwa, ameridhika. Wakaondoa ile sahani nikiiangalia ikienda kama mtu anasindikiza maiti.

Halafu wazee wakaanza mazungumzo, na mimi bwana harusi huwa sina maneno hapo. Nikatoka nje kujinyoosha. Jiko yao ilikuwa kando ya nyumba, mlango wazi, wasichana wote wameenda kisimani na mitungi. Na kutoka huko ndani ikaja harufu ya ukoko. Hiyo harufu ilikuwa na mikono. Ilinishika kwa kola ikanivuta.

Sufuria ilikuwa kubwa, ungeoga ndani na jirani yako. Nikapiga magoti. Nikachukua kijiko, nikaanza kukwangua polepole, halafu haraka, halafu nikaingiza kichwa na mabega. Nilikuwa nakwangua na kelele ya kuamsha watu mpaka Mwala. Sikusikia mtu.

Nikaona tu ndani ya sufuria kumekuwa giza, kama mtu ameziba mlango. Nikatoa kichwa. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na kuni mkononi. Kumbe alikuwa amejificha stoo tangu asubuhi tusionane, akatoka kuangalia ni mbwa gani imeingia jikoni kwake.

Akafunika uso na leso, akageukia ukuta. Mimi nikageukia ukuta ingine. Tukakaa hivyo, kila mtu na ukuta yake, hakuna mtu wa kupita. Hawezi kuniongelesha. Basi akaongelesha kuku alikuwa hapo kwa majivu.

"Wewe kuku, mwambie huyo mgeni iko mwiko nyuma ya mlango. Hicho kijiko itapinda."

Nikatoka mbio nikiinamisha kichwa, na hapo nje nikakutana na msichana wangu anatoka kisimani. Nilikuwa na wali kwa pua na masizi kwa paji. Aliniangalia. Hakucheka. Aliweka mtungi chini, akaenda nyuma ya nyumba. Ningepewa jembe hapo, ningejichimbia.

Habari ikaingia kwa wazee kabla yangu. Baba ya msichana akaita mjomba muthoni, yaani mkwe, akamuuliza, "Muthoni, huyu kijana kwenu hamlishi?"

"Tunamlisha," mjomba akasema. "Lakini huyu hata ukimpa shamba yote ya mpunga, atakuuliza supu iko wapi."

Hakuna aliyecheka. Mzee akasema mbuzi zetu zitabaki zimefungwa, hazijapokelewa wala hazijakataliwa. Nilete mbuzi ya nthoni, ya kuosha hiyo macho ya mama. Halafu mama mwenyewe ndiye atasema.

Tukarudi. Mjomba alitembea mbele yangu njia nzima kama mtu hatujuani. Zile siku nilikuwa nangoja, nilipita ile hoteli sokoni bila kuangalia ndani. Mwenye hoteli aliuliza kama nimefiwa.

Nikapeleka mbuzi, beberu mkubwa, karibu anivute yeye. Wakachinja. Hapo sasa ndipo ruhusa ya kusalimiana inakuja. Mama mkwe akatoka, leso imeshuka kwa mabega, akanipa mkono mbele ya wazee wote. Msichana alikuwa amesimama nyuma yake, anavuta uzi kwa sweta.

"Mtoto wangu," mama akasema, "ulishiba siku ile?"

"Nilishiba, mama."

"Usinidanganye. Nilikupata bado unaendelea."

Boma yote ikalipuka. Mjomba alicheka mpaka akashika mti. Mama akageukia mzee wake, akamwambia afungue zile mbuzi azipeleke kwa zizi yao. Hiyo ndiyo ilikuwa jibu. Msichana akaniangalia mara ya kwanza tangu ile siku ya mtungi.

Na mimi ni mtu wa kucheka, unanijua. Lakini siku hiyo nilicheka nikiangalia viatu, kwa aibu.