Nguzo Zenye Msalaba

Siku yangu ya kwanza kazini sikuingia shimoni. Nilifika Mwakitolyo asubuhi nikiwa na mfuko wa sandarusi wenye msumeno, tezo, patasi mbili na Biblia, nikaelekezwa kwa Msimamizi wa duara. Kwa ninyi mliokulia mjini, duara ni shimo la dhahabu. Linachimbwa kwenda chini kama kisima, na likifika kwenye mwamba wenye mali linageuka pembeni kufuata mkanda wa mawe. Msimamizi alikuwa mtu mzima wa Ujiji mwenye kofia ya kufuma, na nilimkuta anakunywa uji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye seremala? Umetengeneza nini huko kwenu?"

Nikamwambia vitanda, makabati na mabenchi ya kanisa. Akaniangalia mikono kabla ya kuniangalia uso.

"Mtu akianguka kwenye benchi lako anajipangusa vumbi, anakaa tena," alisema. "Huku hapati nafasi ya kujipangusa. Leo usishike kitu. Kaa hapo usikilize."

Nilikaa juu ya gogo hadi jioni. Nilisikia mashine ya kupandisha mawe ikinguruma, watu wakiitana, na kutoka chini kabisa mlio wa nyundo: ko, ko, ko, kisha kimya, kisha ko. Kumbe kuna mtu alikuwa anagonga matimba, yaani magogo yanayozuia kuta na paa la shimo lisiporomoke. Gogo zima ukiligonga linajibu kwa sauti kavu. Lililooza ndani, hata gome likiwa zuri, linajibu kama mtu anayeongea amejifunika blanketi. Msimamizi alitaka nilijue hilo kabla sijajua jambo lingine lolote.

Naandika haya nikiwa nimechoka. Kifua kinapiga filimbi nikipanda hata ngazi tatu, na vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunji tena. Binti yangu Ester ndiye aliyeniletea daftari, maana wajukuu wakiuliza babu alikuwa anafanya kazi gani, najibu "kazi ya miti," halafu nasinzia. Basi ngoja niwaeleze mara moja, yaishe.

Kwenye sehemu ya kushuka tulifunga magogo manne manne, tukayakata meno kwenye ncha ili yashikane kama pembe za sanduku. Kwenye njia ya pembeni tulisimamisha fremu: nguzo mbili, boriti juu yake, na kabari za kukaza pale paa lilipoacha nafasi. Nyuma ya nguzo tulipanga mabanzi ya kuzuia kifusi. Tulitumia sana mkaratusi kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Mkaratusi ukiufunga mbichi, baada ya muda unapasuka na kabari zinalegea. Unatakiwa ukauke kivulini kwanza, na mwenye duara hana subira hiyo. Nusu ya ugomvi wangu wote kazini ulikuwa wa kuomba gogo lingoje.

Fundi Mkuu wa karakana ya misheni, aliyenifundisha useremala, alikuwa na desturi yake. Kazi ikiisha, hata kama ni mguu wa stuli, hakuitoa nje kabla hajaweka mkono juu yake na kushukuru. "Mungu ndiye aliyeotesha mti," alikuwa akituambia. "Wewe umekata tu. Usiondoke bila kusema asante." Nilikwenda na desturi hiyo Mwakitolyo. Kila alfajiri, kabla mashine hazijawashwa, nilisoma zaburi moja nikiwa nimekaa kwenye rundo la magogo, nikawaombea watakaoshuka, ndipo nikashika shoka. Na kila nguzo niliyoichonga kwa mkono wangu, nilipoimaliza nilichukua patasi ndogo nikakata msalaba wa urefu wa kidole, usawa wa kifua. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yangu, na mwanzoni sikuwa na nia nyingine.

Watu wakaanza kuigusa. Kule shimoni walikuwepo Wasukuma, Waha, Wanyiramba, watu wa Pwani, Wakristo kwa Waislamu, na wengine walioshuka na hirizi kiunoni. Wote, wakipita kwenye msalaba, mkono unakwenda. Siku moja nilimwona hata Msimamizi, mwenye tasbihi mfukoni, akipitisha kidole.

"Mzee, umeokoka?" nikamtania.

"Nyamaza wewe. Nakagua kazi."

Wachimbaji wakaniuliza watatofautishaje nguzo zangu na zile za mafundi wengine. Nikawajibu kwamba penye msalaba nimeshika mwenyewe, wapite bila wasiwasi. Maneno hayo niliyasema kwa kinywa changu, tena kwa majivuno. Nilipendezwa mno kusikia wenye maduara mengine wakiulizia fundi wa misalaba anapatikana wapi.

Mmoja wao ndiye aliyenihamishia upande wa Kharumwa, niwe fundi mkuu wa matimba na mafundi wanne chini yangu. Misalaba yangu na yale maneno yangu nilikwenda navyo. Mkubwa wangu huko alikuwa Meneja, Mwislamu wa Tabora aliyewahi kufundisha hesabu, mtu wa sauti ndogo asiyegombana na yeyote. Wachimbaji waliongozwa na Masanja, Msukuma mwenzangu, mrefu, mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya kanisa letu la mabati. Mimbari ya kanisa hilo niliichonga kwa mninga, jioni baada ya kazi, bila kutumwa na mtu, na Masanja ndiye aliyekuwa akinishikia mbao huku akijaribu nyimbo. Sikumbuki miezi mingine niliyokuwa na furaha kama ile.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Kabla ya mvua, fundi mkuu anashuka na nyundo na chaki, anagonga nguzo moja moja. Ile isiyojibu vizuri anaipiga mstari wa chaki, maana yake itolewe iwekwe nyingine. Mwaka mmoja nilipiga mstari nguzo kumi na moja, nikakabidhi orodha kwa Meneja. Kesho yake Mama Ester, mke wangu, akazidiwa, na nikampeleka Shinyanga mjini afanyiwe upasuaji. Nilikaa naye wiki tatu.

Simu ya Meneja ilinikuta kwenye ukumbi wa hospitali, nimeshika chupa ya chai.

"Fundi, Mama Ester anaendeleaje?"

"Tunashukuru Mungu, ameanza kula. Kuna nini, Meneja?"



"Paa limeshuka njia ya pembeni. Masanja tumemtoa, yuko hai. Mguu wake sijui."

Nilipofika Kharumwa walikuwa wameipandisha nguzo iliyovunjika, wameilaza kando ya shimo. Nikaitambua kwa mbali. Msalaba wangu ulikuwa palepale, na mstari wangu wa chaki umepita juu yake. Pale ilipokatikia, ndani ilikuwa laini, mchwa na unyevu vimeila. Niliingiza kidole kikazama. Nikauliza kwa nini haikutolewa. Zile saba zilizochongwa na mafundi wangu zilitolewa zote, wakaniambia. Nne zenye msalaba ziliachwa.

"Nani aliyekataa?" nikauliza.

"Sote," alisema Meneja. "Hata mimi. Nilishuka, nikaiona chaki yako, nikauona na ule msalaba. Mimi si wa dini yako, Fundi. Nikajiuliza, nianze mimi kuamuru kitu kama kile kipigwe shoka? Nikasema mwenyewe akirudi ataitoa kwa mkono wake."

Ningemkasirikia kama angekuwa mzembe. Lakini alikuwa ameniheshimu.

Masanja nilimkuta hospitali, mguu umefungwa kuanzia pajani. Nilitaka anitukane. Alinisalimia kwa Kisukuma kama kawaida yake, akauliza hali ya mke wangu, ndipo akasema: "Vijana waliniuliza, kaka, hii tuing'oe? Nikawaambia acheni hiyo, hiyo ni ya Fundi, imeombewa, haianguki. Si ulituambia mwenyewe tupite bila wasiwasi?"

Hakukuwa na hasira hata kidogo katika sauti yake. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za wodi nikalia, watu wakipita wakidhani nimefiwa.

Asubuhi iliyofuata nilishuka na tezo. Nguzo tatu zilizobaki zenye chaki nilizitoa mwenyewe, kisha nikaanza na zile nzima. Nilisimama mbele ya kila moja, nikaparua msalaba mpaka mti ukabaki mweupe. Wachimbaji walisimama nyuma yangu na taa za kichwani, hakuna aliyenisaidia, na mmoja akasema kwa sauti kwamba Fundi amerukwa na akili. Kazi ile ilinichukua siku tatu. Kila kipande kilichodondoka niliona kama nairudisha asante niliyokwisha kuitoa, nami nilimwambia Mungu waziwazi kwamba sielewi.

Mchungaji wetu aliposikia alikuja nyumbani.

"Baba Ester, msalaba haukumvunja mtu mguu."

"Haukumvunja, Mchungaji. Lakini mimi niliwapa kitu cha kutazama, wakaacha kusikiliza."

Alikaa muda mrefu, akaomba pamoja nasi, akaenda zake. Baadaye kanisa liliponitaka nichonge msalaba wa ukutani, nyuma ya mimbari, niliwaelekeza kwa seremala mwingine. Maneno yalikuwa mengi, kwamba nimerudi nyuma kiimani. Hata mimi kuna siku nilijiuliza.

Ila alfajiri sikuiacha. Niliihamishia shimoni. Kabla ya mtu yeyote kushuka, nilishuka mimi na nyundo, nikagonga nguzo zote kuanzia juu mpaka mwisho wa njia. Iliyojibu vizuri, nilisema "wabeja," yaani asante kwa Kisukuma, nikaenda kwa inayofuata. Isiyojibu, nilipiga chaki na kusimama hapohapo mpaka itolewe, Meneja asubiri, wachimbaji wanune. Kulikuwa na asubuhi nyingi ambazo sikusikia chochote moyoni, ni uchovu tu na maji yanayodondoka shingoni. Niligonga hivyo hivyo. Zaburi nilisoma baadaye, nikiwa nimepanda.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa duara la kikundi cha wachimbaji wadogo upande wa Bugarama. Huko chuma kilishaanza kuingia, fremu za kuunganisha kwa nati, na juu yangu aliwekwa Mhandisi kijana, mpole, mwenye simu mbili. Siku ya kwanza alinikuta nagonga nguzo ya chuma.

"Shikamoo, Mzee. Hata chuma nacho tunagonga?"

"Marahaba. Gonga pale kwenye nati."

Akagonga. Nati ya tatu ikacheza. Kuanzia siku hiyo tulishuka wote wawili kila asubuhi, yeye akiandika kwenye simu, mimi nikisema wabeja zangu kimoyomoyo. Nilifanya naye kazi mpaka daktari aliposema kifua changu hakitaki tena kusikia habari ya shimo. Kikundi kilinipa mbuzi wawili na cherehani kwa ajili ya Mama Ester, Mhandisi akasema maneno machache.

Sasa niko Kharumwa, nina kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba. Nachonga miiko, stuli, na mara mojamoja kitanda kwa anayeweza kungoja. Nikiulizwa kama najutia, nasema najutia. Nikiulizwa kama nashukuru, nasema nashukuru, na yote mawili nayasema siku hiyohiyo kabla ya chai. Mtu asiwadanganye kwamba uzeeni haya yanajipanga vizuri.

Mguu wa Masanja ulipona ukiwa mfupi. Tangu alipotoka hospitali, mkongojo wake namchongea mimi, na kila unapochakaa anakuja kuchukua mwingine. Huwa anaimba besi akiwa bado barabarani, nami najua niandae kiti. Na kila mara aliniomba jambo moja, nikakataa kila mara.

Wiki iliyopita alikuja tena. Nilikuwa nimemwekea mkongojo wa mninga, kipande kilichobaki tangu enzi za ile mimbari. Akaupokea, akaupima kwapani.

"Niwekee msalaba, Fundi."

"Masanja, tumeshaongea hilo."

"Tumeongea ukiwa na nguvu za kunikatalia. Sasa umezeeka, nami nimezeeka. Niwekee."

"Nikiweka, utautembelea bila kuukagua mpaka uozee mkononi mwako."

"Wewe weka."

Sijui ni uchovu au ni nini. Nilichukua patasi ndogo, ileile. Mkono unatetemeka siku hizi, na mstari wa kulala ulikwenda upande, msalaba wenyewe ukawa wa kuchekesha. Nilipomaliza niliweka kiganja juu yake, kama nilivyofundishwa na Fundi Mkuu wa karakana, lakini asante sikuisema. Nikampa.

Masanja hakuutazama msalaba. Aliugeuza mkongojo, akaugonga kwenye jiwe la mlangoni mara tatu, taratibu, ameinamisha sikio. Sauti ilikuwa kavu.

"Wabeja," akasema.

Nami nikasema, "Wabeja."