Mama mfyekaji anayesoma nyayo za wacheza gofu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mvua ya jana mchana imeacha udongo laini kwenye uwanja mdogo wa gofu ulio nje ya mji wa Arua, upande wa barabara ya Koboko. Filda Candiru, mwenye umri wa miaka 47, amechuchumaa karibu na shimo la sita. Fyekeo lake limelala kando. Hafyeki. Anasoma.

Mbele yake kuna alama za viatu viwili vya mwanamume. Nyuma kidogo ya mahali mpira ulipokuwa, nyasi zimebanduliwa kipande kikubwa kama chapati.

"Huyu alikuja jana jioni peke yake, wenzake wakiisha kwenda," anasema. "Ona mguu wa kulia, umezama wote. Wa kushoto umegusa tu. Anapiga ardhi kwanza, mpira baadaye. Amefanya hivyo mara tisa. Mutu hawezi kujificha apige mara tisa kama haumwi."

Anamjua mwenye viatu? Candiru anacheka kidogo na kukung'uta udongo mkononi.

"Nafyeka hapa miaka kumi na moja. Viatu vyote navijua."

Jina halitaji. Siyo tabia yake.

Mama huyu hajawahi kucheza gofu. Fimbo moja ya chuma ya mchezo huo inazidi mshahara wake wa mwezi mzima, maana hulipwa shilingi elfu saba kwa siku, na siku ya mvua kubwa hapati kitu. Lakini leo watu wenye magari wanatoka Koboko, mwendo wa saa moja, kuja kumwonyesha jinsi wanavyosimama. Ukiwaona wanavyomsikiliza, kofia mkononi, utadhani wako mbele ya daktari.

Alizaliwa mtaa wa Awindiri, hapohapo Arua, na akaacha shule darasa la nne. Akiwa na miaka kumi na mitano alikuwa tayari anafyeka nyasi kwenye viwanja vya misheni kule Ediofe, kisha kwenye shule za Mvara. Huko ndiko alikojifunza anachokijua.

"Fyekeo iko na uso, na iko na shingo, pale chuma inapounganika na mpini," anaeleza. "Ukigonga jiwe kwa uso, inalia tu. Ukigonga kwa shingo, mkono inakufa ganzi mpaka bega. Na unagonga kwa shingo ukisimama kwa vidole, mwili ikikuvuta mbele. Hiyo hakuna mwalimu aliniambia. Mkono ndiyo iliniambia."

Mwezi wa Februari mwaka huu, mkono huo ulitakiwa kupumzishwa. Kamati ya uwanja iliagiza trekta la kukata nyasi, na wafyekaji wote kumi na mmoja wakaambiwa kazi itaisha baada ya Pasaka. Wakubwa hawakuja kusema wenyewe. Walibandika karatasi ya Kiingereza kwenye mlango wa stoo, kwa watu ambao nusu yao hawajui kusoma hata lugha ya nyumbani.

Candiru ana watoto watatu shuleni. Alivua gambuti, akanawa miguu, akaenda mpaka kwenye veranda ya wachezaji kumtafuta mwenyekiti wa kamati, Bwana Igga.

"Mzee," alimwambia, "mimi naona vile watu wanakosea kupiga. Mniweke nisaidie kufundisha."

"Karatasi yako iko wapi?"

"Sina."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nne."

Meza nzima iliinamia glasi zake ikizuia kicheko. Igga akanyoosha kidole uwanjani, kwa mtu mmoja mrefu aliyekuwa akiutafuta mpira wake vichakani.

"Basi mponye yule. Ukimponya kabla ya mashindano ya Pasaka, kazi utabaki nayo, na karatasi nitakuandikia mimi mwenyewe."

Yalisemwa ili watu wacheke, wakacheka. Candiru alirudi kwenye fyekeo lake akihesabu wiki. Zilikuwa saba.

Yule mtu mrefu anaitwa Gaspard. Ni Mkongomani, anauza mayai ya jumla mjini Koboko, yanayovuka mpaka kwenda Kongo na Sudan Kusini. Kwa miaka miwili alikuwa na ugonjwa ambao wachezaji wa gofu huogopa hata kuutaja. Mapigo ya mbali alipiga vizuri. Akikaribia shimo, akibakiza pigo fupi la kumalizia, mpira ulichomoka kwenda kulia kama kanga aliyeshtuliwa. Leo, kesho, kila Jumamosi. Wenzake waliacha kusimama upande wake wa kulia.

Ugonjwa huo ulianza mkewe, Christelle, alipofariki. Gari la wagonjwa lilikuwepo na dereva alikuwepo. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Aliyekula mafuta hayo hajaulizwa mpaka leo, na hataulizwa.

Kwa hiyo watu wote walikuwa na jibu moja. Kanisani walimwombea moyo wake utulie. Mwalimu wa gofu aliyeletwa kutoka Kampala alikaa siku mbili, akamfundisha kuvuta pumzi, akaondoka na pesa za trei themanini za mayai.

"Kila mutu aliniambia ni roho," anasema Gaspard. "Na mimi nilikubali. Nilifikiri Christelle ndiye anashika fimbo. Siku zingine nilimwambia, mama, achilia basi."

Candiru hakuanza na roho. Alianza na mkono. Alikuwa anafyeka kando ya shimo la nne mpira ulipochomoka kulia, akamwona Gaspard akiukung'uta mkono wake, vidole vimetanuka. Alisimama na fyekeo lake hewani. Aliujua ukung'utaji ule.

"Papa Gaspard," aliita, "mkono yako inakufa ganzi?"

"Mpaka bega, mama."

Kesho yake, Jumapili baada ya ibada, alimwomba arudi. Wafyekaji hujipikia chakula cha mchana nyuma ya stoo, kwa hiyo unga wa muhogo ulikuwepo. Candiru alilowesha chuma cha fimbo kwa kitambaa, akakipaka unga kikawa cheupe chote, uso na shingo, akamwambia apige. Mpira ukaenda kulia. Akaishika ile fimbo na kuigeuza juani. Uso ulikuwa mweupe vilevile, kama ulivyopakwa. Unga ulibanduka sehemu moja tu, duara dogo, kwenye shingo.

Asiku, mfyekaji mwenzake aliyekuwa anakoroga sufuria, alisogea kuangalia. "Miaka miwili mutu analia," alisema, "kumbe ni unga tu ilikuwa inatakiwa. Na unga ni yangu. Nani nalipa?"

 Candiru alikuwa ameshapiga magoti mahali Gaspard aliposimama. Vidole vilikuwa vimechimba ardhi, visigino havikuacha alama. Akamwambia avue viatu.

Viatu vya gofu vina meno chini ya soli ya kushikia ardhi. Vya Gaspard vilikuwa na meno mbele. Nyuma palikuwa laini kama sahani. Kwa miaka miwili alikuwa anaendesha gari akiwa na viatu hivyohivyo, Koboko hadi Arua na kurudi, visigino vikisugua sakafu mpaka meno yakaisha. Akisimama kupiga, kisigino kiliteleza, na mwili ukajifunza kujishikilia kwa vidole. Kwenye mapigo ya mbali alisimama mbali na mpira, kosa likajificha. Kwenye pigo fupi mtu husimama karibu. Hapo mwili ulimvuta mbele, na shingo ya fimbo ikafika kwanza.

"Zamani nani alikuwa napeleka viatu kwa fundi?" Candiru aliuliza.

Gaspard alikichukua kiatu, akapitisha kidole kwenye kisigino. 

"Christelle," alisema. "Alikuwa anavibeba kwa mfuko. Hakukubali niendeshe gari nikiwa navyo. Aliniwekea sandali kwa gari."

Wanaosimulia habari ya siku ile, na sasa wako wengi, huirudia sehemu hii mara mbili. Watu wenye vyeti walitafuta ndani ya kichwa cha mtu huyu kwa miaka miwili. Mama wa darasa la nne alipindua kiatu. Na ilikuwa kweli kwamba pengo la mkewe ndilo lililokuwa linapotosha mpira, ila pengo hilo lilikuwa chini ya kisigino, fundi angeweza kuliziba kwa dakika ishirini.

Viatu vilitengenezwa Jumatatu. Lakini mguu ulishazoea. Jumamosi Gaspard alipiga kwa meno mapya, mpira ukaenda kulia tena, na veranda nzima ikasikia.

"Mwili iko na kichwa ngumu," Candiru alimwambia. "Umebeba mayai kwa gari?"

Alikuwa nayo. Candiru alichagua moja, akaliweka kwenye nyasi upande wa pili wa mpira, mbali na miguu yake, upana wa vidole viwili tu kutoka kwenye mpira wenyewe. Mtu anayepiga kwa uso wa fimbo hataligusa. Anayepiga kwa shingo atalivunja.

"Ni yai yako mwenyewe," alisema. "Piga."

La kwanza lilimrukia kwenye suruali. La pili likamfika Asiku, aliyesimama karibu mno, na Asiku akatangaza kwamba sasa anadai unga na shati. Siku ile yalivunjika kumi na nne. Jumamosi iliyofuata, tisa. Mwuza mayai hawezi kuzoea kuvunja yai, na hilo ndilo Candiru alilotegemea. Kila moja lilipopasuka, Gaspard alirudi nyuma kidogo, kwenye visigino, bila kuambiwa. Wiki ya tano yalivunjika mawili. Wiki ya sita yai moja lilikaa kwenye nyasi tangu asubuhi mpaka saa sita, mipira arobaini ikiondoka ubavuni mwake, nalo halikutikisika.

Siku ya mashindano ya Pasaka, Gaspard alifika shimo la tisa akiwa amebakiza pigo fupi lilelile. Wachezaji, kwa mazoea, waliuhama upande wa kulia. Candiru alikuwa amesimama nyuma ya kamba na wafyekaji wenzake, mikono imeshika mpini. Kama mpira ungetoka kulia, Jumanne, sikukuu ikiisha, angekuwa hana kazi.

Mashindanoni hairuhusiwi kuweka kitu kando ya mpira.

"Yai haikuwepo," anasimulia Gaspard. "Lakini mimi niliiona. Nyeupe kabisa, pale kwa nyasi."

Mpira uliinuka taratibu, ukanyooka, ukatua na kubingirika mpaka hatua moja kutoka shimoni. Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Watu walitazama upande wa kulia kwanza, kama wanaosubiri mpira mwingine. Gaspard alimaliza wa nne na hakupewa zawadi yoyote. Alipita mbele ya meza ya wakubwa bila kusimama, akaenda mpaka kwenye kamba, akamshika Candiru mikono miwili.

Na ahadi ya mwenyekiti? Kamati ilisema itakaa na kujadili. Bado haijakaa. Trekta lilikuja, siku ya tatu likagonga jiwe na kupinda kisu, na kisu kingine mpaka leo kiko njiani. Wafyekaji wakaitwa tena, kwa vibarua vya siku, shilingi elfu saba zilezile. Karatasi hakuna aliyeandika.

Candiru ameacha kuisubiri. Gaspard ana shamba nyuma ya ghala lake mjini Koboko, na tangu mwezi uliopita Candiru huenda huko kila Jumamosi kulifyeka mwenyewe, mstari kwa mstari, liwe mahali pa kujifunzia kupiga. Atakayekuja atalipa elfu tano kwa asubuhi moja. Mayai yatauzwa mlangoni. Asiku ameomba kazi ya kuyauza, ili ajilipe shati lake.

"Nataka binti yangu wa kwanza asome hii kitu vizuri, apate hiyo karatasi," anasema. "Mimi nitampa macho. Karatasi atatafuta mwenyewe."

Saa moja inapopita kidogo, gari linasimama kwenye lango la uwanja. Bwana Igga anashuka, anatazama kushoto na kulia, anakuja kwenye nyasi mbichi akiwa na fimbo moja tu mkononi. Anasimama hatua chache kutoka shimo la sita.

"Habari ya asubuhi, mama."

"Nzuri, mzee."

"Nina shida ndogo. Naomba uniangalie, kabla watu hawajafika."

"Nimeshaiangalia," anasema Candiru, na kwa ncha ya fyekeo anaonyesha ardhi iliyobanduliwa, kipande cha kwanza mpaka cha tisa.

Mwenyekiti anaziangalia nyayo zake mwenyewe. Mguu wa kulia umezama. Wa kushoto umegusa tu.

"Sasa dawa yake?"

"Mzee, mimi sina karatasi. Hapa siwezi kushika fimbo ya mutu." Anainama, anaokota nyasi iliyong'ang'ania kwenye chuma cha fyekeo, anaitupa. "Jumamosi niko Koboko, nyuma ya ghala ya papa Gaspard. Ni elfu tano. Kuja na yai."

"Kando ya mpira?"

"Yako itakaa nyuma ya mpira, pale unapiga ardhi."